Kabla ya kisu, tayarisheni chupa

Mhariri,

Kila Oktoba, na tena kila inapokaribia tarehe 4 Februari, magazeti hujaa habari za saratani: riboni, matembezi, mashine zilizoharibika, bei za dawa. Na ziandikwe, hatuna ugomvi nazo. Ila kuna kitu cha bei ndogo ambacho ni nadra kutajwa, nacho ni chupa ya mdomo mpana yenye formalini, dawa inayozuia nyama isioze hadi ikapimwe maabara. Huku Amu (Lamu), awe punda au binadamu, uvimbe hukatwa ukatiwa ndoo, ukaenda kufukiwa. Miezi sita baadaye ukirudi, watu wanaulizana ule wa kwanza ulikuwa kitu gani, na hapo hakuna wa kuwajibu.

Sisi tunaoandika ni wa mifugo na wa hospitali pamoja, kwa kuwa kosa ni lile lile pande zote mbili. Uvimbe hautambuliki kwa kuushika. Tezi ya shingo iliyovimba bila maumivu yaweza kuwa kifua kikuu, yaweza kuwa saratani ya tezi. Ya kwanza hutibiwa kwa vidonge vya miezi 6. Ya pili ikipewa vidonge hivyo kwa kubahatisha, miezi 6 imekwisha nayo imefika kifuani na tumboni. Vidole vya daktari, hata awe mzee wa kazi, havitenganishi hizo mbili. Darubini hutenganisha, lakini ni lazima ipate cha kuangalia.

Tuanze na punda, maana ndiye anayebeba mchanga, matofali na maji ya mji huu, na ngozi yake ndiyo inayoonekana na kila mpita njia. Uvimbe wa ngozi unaowapata zaidi jamii ya punda na farasi huitwa sakoidi. Unahusishwa na virusi vya chunjua vya ng'ombe, aina ya 1 na ya 2. Ng'ombe mwenyewe virusi hivyo humtoa chunjua, zikakaa miezi, zikakauka na kudondoka. Kwa punda hukaa moja kwa moja. Sakoidi haisafiri kwenda kwenye mapafu wala ini, na kwa hilo ni afadhali, lakini pale ilipo hula chini na pembeni kwa mizizi isiyoonekana kwa jicho.

Ina sura nyingi, na hapo ndipo watu hupotea. Ipo iliyolala bapa kama choa: duara lisilo na manyoya, ngozi ya kijivu yenye magamba. Ipo inayofanana na chunjua, kavu na yenye kukwaruza. Ipo ya kinundu chini ya ngozi, ukiishika kwa vidole viwili inateleza kama kokwa ya tende. Na ipo ya nyama mbichi, nyekundu, inayotoka maji na damu, ambayo wenye punda huiita kidonda cha shogi kwa kuwa imetokea karibu na kamba. Hupenda kope, pembe za mdomo, masikio, kifua, kinena, ndani ya mapaja, na popote palipowahi kuwa na jeraha. Nzi wanashukiwa kuihamisha.

Vitu vitatu huvaa nguo yake. Cha kwanza ni nyama inayozidi kidonda, hasa mguuni chini ya goti: ni laini, ya rangi ya waridi, haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo ukiikata punda hashtuki ila damu humwagika kweli kweli. Hiyo huparwa hadi usawa wa ngozi, ikafungwa bendeji, basi. Cha pili ni kidonda cha habronema, minyoo ambayo nzi huacha mabuu yake kwenye unyevu wa jicho au jeraha. Kinawasha, punda anajing'ata, na ukikipangusa unaona chembe za njano, ngumu, kama chenga za mchele. Ivermektini, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, huua mabuu hayo. Cha tatu ni saratani yenyewe ya seli bapa, ambayo hupenda ngozi isiyo na rangi: kope, uume, sehemu za siri za jike. Huanza kama kidonda kidogo chenye ukingo mgumu, hunuka, na hii, tofauti na sakoidi, huweza kwenda kwenye tezi. Mambo manne, tiba nne, na kwa mbali yote ni "kidonda".

Sasa mtu anachukua chuma cha moto au maji ya betri. Hivyo huunguza ngozi ya juu tu. Mizizi inabaki, na jeraha jipya linaiamsha: sakoidi bapa iliyotulia miaka miwili yaweza kugeuka nyama mbichi katika wiki chache. Hata kisu cha daktari peke yake, bila tiba nyingine ya kukifuata, hakiaminiki. Ripoti hutofautiana, lakini nusu ya zilizokatwa kurudi si jambo la kushangaza.

Kwa hiyo kanuni yetu ya chupa, kwamba kila uvimbe utolewe kipande kikapimwe, ina sharti hapa, na tunaliandika wazi ili mtu asituelewe vibaya. Sakoidi haitaki kuchokozwa. Kumega kijipande ili kupima na kuacha kilichobaki ni kuialika ikue. Ikiwa bapa, ndogo, mbali na jicho na mbali na kamba, msiiguse: ipimeni kwa rula, ipigeni picha pamoja na sarafu ya shilingi kumi kando yake, mrudie kila mwezi mkilinganisha. Ikianza kukua, tiba nzima itayarishwe kwanza, na kipande cha kupimwa kitoke siku ile ile tiba inapoanza.

Tiba gani? Yenye shina jembamba huvalishwa pete ya mpira, kama zile za kuhasi mbuzi, ikasukumwa hadi chini kabisa; hunyauka na kudondoka. Shina likiwa pana, pete hukata kichwa tu na mizizi ikabaki pale pale, basi msijidanganye. Ya pili ni kugandisha kwa nitrojeni ya maji, ile ile inayohifadhi mbegu za fahali, nyuzi 196 chini ya sifuri. Gandisha upesi, acha iyeyuke yenyewe taratibu, gandisha tena, mara 2 au 3, na chini ya uvimbe joto lifike nyuzi 20 hadi 25 chini ya sifuri. Kosa la kila siku ni kugandisha mara moja, uso ukawa mweupe kama barafu, mtu akaridhika. Seli za chini zimesikia baridi tu, hazikufa. Ya tatu ni sisplatini, dawa ya saratani, iliyochanganywa na mafuta ya ufuta ili isitoroke haraka, ikachomwa ndani ya uvimbe: miligramu 1 kwa kila sentimita ya ujazo, kila wiki 2, mara 4. Dawa hii haishikwi kwa mkono mtupu, na mwanamke mjamzito asimshike punda huyo. Krimu ya fluorourasili ya asilimia 5 hufaa kwa zile zilizo juu juu tu.

Mwenye punda asiogope kulala nyumba moja na mnyama wake. Virusi hivi havimwingii binadamu. Na asiseme hana fedha: kituo cha punda kilicho mbele ya bahari kimekuwapo tangu 1987 na hakitozi. Kinachotakiwa ni punda aletwe kinundu kikiwa kama kunde, si kikiwa kama embe.

Paka wa Amu tuwaseme kwa ufupi. Mweupe wa masikio hupata saratani ya ncha za masikio kwa jua. Kikoko kisichopona hapo si upele, si mapigano. Jike mwenye kinundu kwenye chuchu, zaidi ya 8 katika 10 ni saratani. Kikiwa chini ya sentimita 2, kukata safu nzima ya matiti humpa miaka. Kikipita sentimita 3 huhesabiwa miezi.

Mbwa kisiwani si wengi, lakini ng'ambo ya bara, katika miji ya Hindi, Mpeketoni na Witu, wapo, na huko kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizana. Jambo lake ni la ajabu: kinachohama kutoka mbwa hadi mbwa wanapopandana au kulambana ni seli zenyewe za saratani, kama mbegu iliyopandikizwa, wala hakuna virusi. Seli ya mbwa ina kromosomu 78; hizi zina 57 hadi 59. Dalili ni damu inayodondoka wiki nzima na uvimbe wenye vichwa vingi kama koliflawa. Hapa kipande si lazima. Safisha uvimbe kwa maji ya dripu ya chumvi, gusisha kioo cha slaidi, kausha, paka rangi ya Giemsa: utaona seli za duara zenye vitobo vyeupe mfano wa povu.

Dawa yake ni vinkristini, miligramu 0.025 kwa kila kilo, isizidi miligramu 1, mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Mbwa wa kilo 16 hupata miligramu 0.4. Iingie ndani ya mshipa na si penginepo. Ikivuja nje, nyama huoza, kwa hiyo katheta, mrija wa mshipani, iwekwe kwanza, ijaribiwe kwa maji ya chumvi, ndipo dawa ifuate. Kabla ya kila sindano damu ihesabiwe, na chembe nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa mikrolita, wiki hiyo ipite bila dawa. Mbwa wengi hupona kabisa. Wasiopona mara nyingi ni wale walioletwa mara mbili, uvimbe ukasinyaa, mwenyewe akaona kazi imekwisha.

Na hapa tuzuie jambo moja. Vinkristini hutokana na ua ambalo mnalo uani: lile dogo la waridi au jeupe lenye petali tano, linaloota hata kwenye nyufa za kuta za matumbawe. Asili yake ni Madagaska, na jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus. Tafadhali msilichemshe. Kupata dawa kidogo tu hutakiwa marundo ya majani makavu, na kikombe cha majani hayo kina sumu nyingine nyingi ambazo kiwandani huondolewa. Tofauti ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni ndogo mno kukisiwa kwa kijiko.

Kwa binadamu, tuanze mdomoni, maana tambuu bado inatafunwa. Watu wengi hudhani hatari ni tumbaku tu. Popoo peke yake, bila tumbaku, iliorodheshwa tangu 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani. Kidonda cha mdomo kinachopita wiki 3, baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa, au jekundu kama mahameli, kipande kitolewe. Na mdomo unaoanza kukaza hadi vidole vitatu vya mwenyewe visiingie kwa wima kati ya meno, hata bila kidonda, uonwe na daktari. Kipande kikatwe ukingoni, kidonda kinapokutana na nyama nzima. Kikikatwa katikati, maabara hupata nyama iliyooza na kuandika "hakuna kilichoonekana", na mgonjwa akafurahi bure.

Wayo nao. Melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, kwa mtu mweusi mara nyingi haitokei mgongoni. Hutokea chini ya wayo au chini ya ukucha. Huku hudhaniwa ni mwiba wa bahari uliobakia au sagamba, ikakwanguliwa kwa wembe. Ubaya wa wembe ni kwamba tiba ya melanoma huamuliwa na kina chake, kwa milimita, na kilichokwanguliwa juu juu hakina tena kina cha kupimwa. Ikatwe yote hadi kwenye mafuta, ukingo wa milimita 2 pande zote.

Titi halikatwi kwanza. Hutolewa uzi wa nyama kwa sindano nene ya geji 14, vipande kadhaa, ganzi ikiwekwa. Kipande hicho hakisemi tu kama ni saratani. Hupimwa vipokezi vya homoni, yaani mahali pa seli ambapo homoni hujishikiza, na vikiwapo, kidonge cha tamoksifeni miligramu 20 kwa siku kwa angalau miaka 5 hufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo. Bila kipande, hakuna ajuaye nani apewe. Lakini vipokezi vina masharti: kipande kiingie formalini ndani ya saa 1, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Kikikatwa Ijumaa mchana kikalala kaunta ya kampuni ya basi hadi Jumanne, matokeo yaweza kusema "hakuna vipokezi" hali vipo, na mwanamke akakoseshwa kidonge chake. Kwa hiyo upasuaji wa titi upangwe mwanzoni mwa wiki. Uvimbe mwingine hauna haraka hiyo.

Shingo ya kizazi ina njia yake: siki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa, husubiriwa dakika 1 kamili kwa saa, si kwa kukisia, na panapogeuka peupe penye ukingo wazi huunguzwa au hugandishwa siku hiyo hiyo. Lakini anayeona nyama iliyoota na kutoa damu ikiguswa, asigandishe. Huko tumekwisha kuondoka kwenye kinga, na kipande ni lazima. Chanjo ya kukinga saratani hiyo, kwa wasichana wa miaka 10, ipo nchini tangu Oktoba 2019, na mabinti wa huku wanaikosa kwa maneno ya barazani tu.

Tufike kwenye chupa. Lita 1 ya formalini ya kazi hii ni mililita 100 za formalini kali ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile yenye haidrojeni moja. Chumvi hizo zisiachwe. Bila hizo dawa hugeuka asidi na kumwaga vumbi la kahawia kwenye slaidi, msomaji akadhani ni rangi ya ugonjwa. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai, na ya bahari msiyataje.

Dawa iwe mara 10 ya kipande. Hili ndilo linalokosewa kuliko yote: nyama imejazwa chupa, dawa imeongezwa hadi shingoni kama achari. Formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, na kadiri inavyoingia ndivyo inavyopunguza mwendo. Nyama ya unene wa chungwa hukauka nje na kuoza ndani, na kwa joto letu huoza siku ile ile. Kikubwa kipasuliwe vipande vya milimita 5 kama mkate, bila kuachanishwa chini, ili maabara ikirudishe umbo lake. Kabla ya kupasua, uzi mfupi ushonwe upande wa juu na mrefu upande wa nje, ili ikisemwa saratani imefika ukingoni daktari ajue ukingo gani. Koleo lisiminye kipande, na mashine ya kuunguza mishipa isiguse kingo zake.

Mdomo wa chupa uwe mpana kwa sababu nyama huingia laini na kutoka ngumu kama kizibo. Wapo wanaolazimika kuvunja chupa. Spiriti haifai, dawa ya kusafishia vidonda haifai, maji ya chumvi hayafai, shashi kavu haifai, na friza ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa barafu hutoboa seli. Formalini haihitaji baridi hata kidogo, na kwa safari ya boti hadi Mokowe kisha basi la Mombasa hiyo ni neema. Dirisha liwe wazi, glavu mkononi, na chupa ya soda isitumike kamwe. Kuna mtoto atakayeiona.

Slaidi za seli zilizofyonzwa kwa sindano nyembamba, geji 22 au 23, zisafiri kasha lake peke yake. Mvuke wa formalini, hata chupa ikiwa imefungwa, huharibu rangi za slaidi zilizokaushwa, na sanduku moja lenye vyote viwili huwasili na jibu la "rudieni". Zikauke upesi kwa kupungiwa, zifunikwe. Nzi wa Amu huzilamba zikiwa mbichi.

Karatasi ya kwenda nayo, iwe ni hospitali ya rufaa au idara ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, iseme umri, jinsia, mahali hasa ulipokuwa uvimbe, ukubwa kwa sentimita, umeanza lini, na kila kilichokwisha kufanywa: ulichomwa moto, ulipakwa nini, ulikatwa mara ngapi. Wenye punda huficha maji ya betri na wagonjwa huficha chale, lakini kovu la moto chini ya darubini humchanganya anayesoma asipoambiwa. Jina na namba viandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana mezani, na viandikwe kwa penseli juu ya plasta, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka tone moja tu la spiriti likimwagika.

Daktari wa mifugo na tabibu,
Amu